'Soma ile sura': Kwa nini kila kazi katika orodha inahitaji kiungo

MIAKA michache iliyopita niliandika maneno matatu katika orodha yangu ya kazi kwenye kompyuta: "Soma ile sura." Nilijua fika ni sura ipi. Ilikuwa sura ya nne ya tasnifu ya mwanafunzi wangu wa uzamili. Alikuwa amenitumia kwa baruapepe asubuhi hiyo, akinisihi niisome mapema kwa kuwa tarehe ya mwisho ya kuwasilisha ilikuwa inabisha hodi.

Siku tisa baadaye niliketi kuitekeleza kazi hiyo. Nikapekua faili zangu, nikaipata sura ya nne, nikaisoma kwa makini, nikajaza maoni pambizoni na kuirudisha. Kumbe nilikuwa nimesoma rasimu ya zamani! Tulipogundua, muda ulikuwa umeyoyoma. Wenzake walivaa majoho mwaka huo, yeye akasubiri mahafali yaliyofuata. Hakunilaumu. "Ni sawa tu, Prof," aliniambia. Maneno hayo yaliniuma kuliko ambavyo lawama ingeniuma.

Kosa langu lilikuwa wapi? Wapo watakaosema ni uzee. Huenda. Lakini kwa kuwa riziki yangu inatoka katika isimu, nililitafuta kosa hilo katika sarufi na nikalipata. Lilikuwa katika neno "ile".

Kila mwanafunzi wa shule anajua kwamba viashiria vya Kiswahili vina ngazi tatu: hii, hiyo na ile. Tunafundishwa kwamba "ile" huonyesha kitu kilicho mbali. Ni kweli, ila si kweli yote. "Ile" pia huonyesha kitu kilichomo katika kumbukumbu za msemaji na msikilizaji. Nikikuambia "yule fundi amekuja", sinyooshi kidole popote; naamini tu kwamba unamkumbuka fundi tuliyemzungumzia. Kumbukumbu zetu zikiachana, sentensi yangu inaelea hewani.

Sasa, katika orodha ya kazi, msemaji na msikilizaji ni mtu yule yule, ila hawaishi siku moja. Mimi wa Jumatatu ninamwachia maagizo mimi wa wiki ijayo, mtu mwenye mawazo mengine kichwani na rasimu tatu za sura moja kwenye kompyuta. Kumwambia "ile sura" ni kumfanyia dhuluma. Anahitaji kidole kitakachobaki kimenyooka hata mwenye kidole akiondoka. Kidole hicho, katika kompyuta, ndicho kiungo.

Wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1945, Mmarekani Vannevar Bush aliwazia mtambo ambao ungemwezesha msomaji kuunganisha hati moja na nyingine ili aweze kuzirudia baadaye. Katika miaka ya 1960, Ted Nelson akayapa jina maandishi yanayoungana kwa namna hiyo. Mwaka 1989, Tim Berners-Lee, akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN kule Uswisi, akapendekeza mfumo ambao leo tunauita wavuti.

Tukiite nini basi kwa Kiswahili? Vijana husema "nitumie linki". Wengine huandika "kiunganishi". Mimi nasimama na "kiungo", na nina sababu. Mzizi wa maneno yote mawili ni kitenzi "unga". Kutokana nacho tunapata kiungo, kama tunavyopata kifungo kutoka funga na kizibo kutoka ziba. Neno hili tunalo tayari jikoni, kwenye viungo vya pilau. Mwilini, kwenye goti na kiwiko. Na uwanjani, ambako kiungo wa kati hupokea mpira kwa mabeki na kuwafikishia washambuliaji. Mpenzi wa soka hahitaji kufafanuliwa zaidi.

"Kiunganishi", kwa upande wake, kimepitia njia ndefu: unga, ungana, unganisha. Ndani yake mna kauli ya kutendana, yaani pande mbili zinashikana. Kiungo cha wavuti hakifanyi hivyo. Ni cha upande mmoja. Kazi yangu inaielekea sura ya mwanafunzi, lakini sura haina habari kwamba kuna kazi inayoitazama. Zaidi ya hayo, "kiunganishi" kina ajira ya kudumu katika sarufi pamoja na akina "na", "lakini" na "ingawa". Tusikiongezee mzigo.

Hebu sasa tuingie katika vitendo. Njia rahisi kabisa ni kufungua hati au ukurasa unaohusika, kunakili anwani iliyo juu ya kivinjari, kisha kuibandika katika sehemu ya maelezo ya kazi. Katika Google Tasks, anwani ukishaibandika hapo unaweza kuibofya. Ukiwa ndani ya Gmail, unaweza kuigeuza baruapepe yenyewe kuwa kazi, na kazi hiyo itakuja na kiungo cha kukurudisha kwenye baruapepe. Programu ya vikumbusho ya Apple ina nafasi maalumu ya kutilia anwani. Katika Todoist unaweza kukificha kiungo ndani ya jina la kazi: unaandika maneno unayotaka yaonekane katika mabano ya mraba, kisha anwani katika mabano ya kawaida, bila kuacha nafasi kati yake.

Hapo kwenye maneno yanayoonekana ndipo lugha inaporudi kazini. Watu wengi huandika "bofya hapa". Lakini "hapa" nacho ni kiashiria, tena kiashiria kisichosema lolote! Mtu asiyeona, ambaye kompyuta humsomea skrini kwa sauti, anaweza kuomba asomewe orodha ya viungo peke yake. Akisikia "hapa, hapa, hapa", amepata nini? Andika kitenzi na jina la kitu: "Soma sura ya 4, rasimu ya tarehe 12". Kazi ni sentensi. Iwe na kitenzi kinachotendeka na nomino inayojulikana.

Kiungo nacho kina mipaka yake. Kwanza, kiungo si ruhusa. Ukimtumia mwenzako kiungo cha hati uliyoifunga, umemwonyesha mlango na kubaki na ufunguo. Pili, kiungo cha faili iliyo ndani ya kompyuta yako ya ofisini hakitafunguka kwenye simu yako ukiwa matatuni. Tatu, hati ikifutwa, kiungo hakipati habari za msiba. Kitaendelea kuelekeza kaburini. Nne, maneno yanayoonekana yanaweza kudanganya. Kiungo kinaweza kusema "benki yako" huku kikikupeleka kwa matapeli. Kwenye kompyuta, weka kishale juu ya kiungo bila kubofya, na kivinjari kitakuonyesha anwani halisi chini ya skrini. Isome kwanza.

Lipo jambo la tano, nalo ndilo lililoniponza. Faili iliyoambatishwa kwenye baruapepe ni nakala. Ukiipakua mara tatu unakuwa na tatu, kila moja ikidai ndiyo sura ya nne. Kiungo cha hati inayohifadhiwa mtandaoni, kwa mfano katika Google Docs, hukufikisha kwenye hati ile ile moja jinsi ilivyo wakati huo, marekebisho ya jana yakiwemo. Laiti ningeweka kiungo badala ya kutegemea kumbukumbu, ningesoma alichokiandika mwanafunzi wangu asubuhi ile.

Siku hizi sikubali kuandika "ile" katika orodha yangu. Kila ninapojikuta naliandika neno hilo, nasimama na kujiuliza: ipi? Jibu la swali hilo ndilo ninalolibandika kama kiungo. Huchukua chini ya dakika moja. Mwanafunzi wangu alihitimu hatimaye na sasa anafundisha. Juzi alinitumia makala yake mapya niyapitie. Hakuambatisha chochote; aliweka kiungo, na juu yake ameandika kazi, jina na tarehe. Somo nililomfunza bila kukusudia, amelielewa.