Mita Isiyosema

Tarehe 24 Novemba 2024, mita za umeme wa kulipia kabla, za LUKU nchini Tanzania, za tokeni kule Kenya na nyingine za mfumo huo kote duniani zilifika mwisho wa kuhesabu.

Mfumo wenyewe ulibuniwa Afrika Kusini. Kila tokeni ya umeme ya tarakimu 20 hubeba, pamoja na uniti, alama ya wakati: idadi ya dakika tangu Januari mosi 1993. Mita huikumbuka alama hiyo, ndiyo maana tokeni haitumiki mara mbili. Nafasi iliyotengwa inaingia dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Wabunifu waliona inatosha. Huenda walipiga hesabu ya kustaafu kwao.

Dawa ilikuwa kuianza hesabu upya kuanzia 2014. Tatizo, mita hizo hazina mawasiliano na yeyote. Kwa hiyo mteja wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, aliponunua umeme alipokea mafungu matatu ya tarakimu 20: mawili ya kubadili ufunguo wa siri wa mita na kuianzisha hesabu upya, la tatu la uniti zake. Tarakimu 60, zibonyezwe kwa mpangilio, na bibi anayemulika kwa simu ya tochi. Kati ya kompyuta za shirika na mita, kiungo cha mwisho kilikuwa kidole cha mteja. (Hesabu mpya nayo itaisha Novemba 2045.)

Kuubeza mfumo huu si haki. Kwa kuwa mita haihitaji mtandao, umeme uliuzwa hata mahali ambapo simu hushika ukipanda kichuguu. Ila transfoma ya mtaa ikiungua, shirika hujua pale mtu anapopiga simu, naye huulizwa kama jirani pia hana umeme. Mita janja, zile zenye mawasiliano, hujisemea: volteji imeshuka, umeme umekatika, kifuniko kimefunguliwa. Ukilinganisha umeme uliopita kwenye transfoma na jumla ya mita za nyumba zake, wizi huonekana bila msako.

Lakini anayesema anahitaji msikilizaji aliye macho. Mei 2021, Tanzania, mfumo wa kuuzia LUKU ulipata hitilafu kwa siku kadhaa. Umeme ulikuwepo kwenye nyaya, muuzaji ndiye hakuwepo. Waziri wa Nishati akawasimamisha kazi maofisa, hatua ambayo haijawahi kutengeneza seva. Seva ya mauzo leo ina uzito wa kituo cha kupozea umeme, na inastahili akiba na mafundi wa zamu kama kituo.

Njia kuu ya taarifa tunayo. Waya wa juu kabisa kwenye minara ya msongo mkubwa, ule unaokinga radi, mara nyingi umebeba nyuzi za mkongo ndani yake. Hupitisha taarifa za gridi na intaneti ya wengine pia. Ugumu uko kati ya transfoma ya mtaani na ukuta wa nyumba, ambako kila mita janja itahitaji laini yake au redio yake. Nani atalipia bando la mamilioni ya mita, mwezi hadi mwezi? Kwenye hafla za uzinduzi, swali hilo huwa halimo kwenye ratiba.