Omba Picha, Usiombe Galari

Tuseme msanidi programu wa Mbarara, Uganda, anatengeneza soko la mtandaoni la mafundi cherehani wa Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko Isingiro tangu miaka ya 1950. Anatumia zana ya Flutter ili msimbo mmoja ufanye kazi kwenye Android na iPhone. Muuzaji anatakiwa aweke picha ya gauni. Hapo wasanidi wengi huomba ruhusa ya kusoma galari nzima, kwa mazoea tu.

Haina haja. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, na iOS 14 ya 2020, simu yenyewe hufungua dirisha la kuchagulia picha. Mwenye simu hugusa anayoitaka, programu hupokea hiyo peke yake, na ruhusa haiombwi kabisa. Flutter hufika kwenye dirisha hilo kupitia kiunganishi kiitwacho image_picker.

Nakivale jambo hili lina uzito wake. Galari ya mkimbizi yaweza kuwa na picha za karatasi za familia na sura za ndugu waliobaki Kongo au Burundi. Picha nyingine hubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Sheria ya Uganda ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo inataka zikusanywe taarifa zinazohitajika tu, na gauni halihitaji karatasi ya familia ya mtu.

Tatizo linalosumbua zaidi, na ambalo halionekani kwenye simu ya bei mbaya ya msanidi, ni kumbukumbu ndogo. Muuzaji anapokwenda kuchagua picha au kupiga mpya, Android yaweza kuizima programu iliyobaki nyuma ili kupata nafasi. Akirudi, picha haipo, na bei na maelezo aliyoandika yamefutika. Atadhani kakosea yeye. Dawa ipo: programu ikiwaka tena, iite retrieveLostData ya image_picker, inayorudisha picha iliyopotea njiani. Lakini haimrudishii maandishi. Hayo yahifadhiwe kabla dirisha halijafunguliwa. Mimi ningeanza majaribio kwa simu dhaifu kuliko zote zinazouzwa mjini Mbarara.

Picha nayo ipunguzwe kabla ya kutumwa. Upana wa pikseli 1,280 unatosha kuonyesha mshono, na bando ni la muuzaji.

Programu inayohitaji galari nzima kwelikweli, kama ya kuhifadhi nakala za picha, iombe ruhusa. Apple hulazimisha sababu iandikwe; iandikwe kwa Kiswahili pia.