Tarakimu na Kipimo cha Kumbukumbu

Katika vipimo vya akili alivyovitoa David Wechsler mwaka 1939, mtu husomewa tarakimu, naye huzirudia kwa mfuatano uleule. Yadhaniwa kuwa kinachopimwa ni kumbukumbu peke yake. Lakini mwaka 1980 Ellis na Hennelly walieleza kuwa watu wajuao Kiwelisi na Kiingereza walikumbuka tarakimu chache zaidi kwa Kiwelisi, kwa kuwa kuzitamka huchukua muda mrefu zaidi. Walipozuiwa kuzirudia kimoyomoyo, tofauti hiyo ilitoweka. Kumbe ulimi nao hupimwa! Katika Kiswahili, tangu moja hata tisa, kila jina lina silabi mbili (nne pia, kwani n yake ya kwanza ni silabi). Katika Kiingereza ni jina la saba tu lenye silabi mbili. Basi mgonjwa aliyeumia kichwa, akipimwa kwa Kiswahili na kuhukumiwa kwa kiwango cha Waingereza, aweza kuandikiwa upungufu wa ubongo asio nao.