Usingoje Alfajiri: Funzo la Picha ya Daktari

Huenda umewahi kuiona ukutani mwa kliniki picha ya daktari mwenye ndevu, mkono kidevuni, akimtazama mtoto mgonjwa. Ilichorwa na Mwingereza Luke Fildes mwaka wa 1891, nayo inaitwa "Daktari". Mwana wa mchoraji huyo, Philip, alikuwa amefariki siku ya Krismasi mwaka wa 1877, na wema wa daktari aliyemhudumia haukumtoka baba moyoni.

Wengi humtazama daktari. Wewe tazama chumba kwanza. Mtoto hana kitanda, amelazwa juu ya viti viwili visivyofanana. Mama amejiinamia mezani. Baba amesimama, mkono begani mwa mkewe, macho kwa daktari. Dirishani kunaanza kupambazuka.

Mkazi wa Shauri Moyo hahitaji kuelezwa zaidi. Katika nyumba za chumba kimoja, kochi la mchana ndilo kitanda cha usiku, nyuma ya pazia wamelala wengine, na jiko la makaa liko papo hapo. Baridi ya Julai ikija dirisha hufungwa, na moshi wote huishia kifuani mwa watoto. Moshi huo huongeza hatari ya homa ya mapafu.

Sasa, kuna jambo katika picha hii linalonitia wasiwasi kila niionapo. Daktari yule alikaa akingoja kwa sababu hakuwa na la kufanya zaidi. Penisilini haikugunduliwa hadi 1928. Leo dawa ya homa ya mapafu ipo, na bei yake si kubwa, lakini wazazi wengi bado hungoja kuche. Hakuna pesa za teksi, njia si salama, na pengine homa itashuka yenyewe. Simwiti mzazi huyo mzembe.

Hata hivyo, yapo mambo ambayo hayangoji. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, mpeleke hospitali usiku huo huo. Vilevile ukiona sehemu ya chini ya kifua ikiingia ndani kila anapovuta pumzi.

Ikiwa anakohoa tu na huna hakika, mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Simu yako ina saa. Kwa mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno. Kwa wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, ni 40. Aliye chini ya miezi miwili usimhesabie, mpeleke tu. Na ile dawa ya kikohozi iliyobaki kwa dadake, iache kabatini.