Mto Mmoja, Sheria Mbili: Bunge Litamke Wazi Juu ya Mimba

Watu wa Kilambo na Mahurunga, katika Mkoa wa Mtwara, wakishuka hadi ukingoni mwa Mto Ruvuma huiona Msumbiji kwa macho yao. Ng'ambo ile wana ndugu zao, Wamakonde kwa Wamakonde. Lugha ni ile ile, unyago ni ule ule, na makaburi ya wazee yako pande zote mbili. Mpaka huo hawakuuweka wao. Uliwekwa mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipopatana wao kwa wao. Leo, katika jambo moja zito, mto huo umetenga zaidi ya ardhi. Jambo lenyewe ni mimba isiyotakiwa, na lile ambalo sheria yamruhusu mwanamke na daktari kulitenda.

Upande wetu jambo hili laongozwa na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Kifungu cha 150 chasema kwamba mtu ye yote atakayejaribu kinyume cha sheria kumtoa mwanamke mimba aweza kufungwa miaka 14. Kifungu cha 151 chamkabili mwanamke mwenyewe: miaka 7. Kifungu cha 152 chamhusu ampaye dawa au chombo huku akijua kazi yake: miaka 3. Mlango umeachwa mmoja tu, nao uko mbali, katika kifungu cha 230: hana hatia afanyaye upasuaji kwa nia njema na uangalifu ili kuyaokoa maisha ya mama.

Maneno haya hayakutungwa Dodoma, wala hayakutokana na baraza la wazee wa Newala. Mzizi wake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861, ambayo Mwingereza alikuja nayo alipoitawala Tanganyika. Hata tafsiri yake yatoka huko. Mwaka 1938, mjini London, daktari Aleck Bourne alishitakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyenajisiwa na askari. Jaji aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kuokoa maisha si kumwepusha mtu na kifo tu; daktari aaminiye kwa haki kwamba mimba itamharibu msichana mwili au akili aweza kuhesabiwa kuwa anaokoa maisha. Bourne akaachiliwa. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliifuata hukumu hiyo ilipoeleza ni upasuaji gani ulio halali. Basi yawezekana kabisa kwamba sheria yetu ina nafasi kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Lakini nani wa kumwambia hayo tabibu wa zahanati ya Msimbati? Yeye aijua miaka 14; hukumu ya 1959 hajapata kuiona.

Mwingereza mwenyewe hakukaa na kamba aliyotufungia. Bunge lake lilipitisha sheria mpya mwaka 1967. Tena, tangu Oktoba 2024, katika Uingereza na Wales ni kosa kumsumbua au kumshawishi mwanamke katika eneo la mita 150 kuzunguka hospitali na zahanati zitoazo huduma hiyo, kwa kuwa watu walikuwa wakisimama mlangoni na mabango na sala. Huku kwetu hakuna asimamaye na bango, maana hakuna zahanati ya kusimamia. Ubishi wetu hufanyika chumbani, usiku, kati ya mama na binti yake.

Sasa tuvuke mto. Msumbiji nayo ilirithi Kanuni ya Adhabu ya Mreno, iliyoandikwa mwaka ule ule wa 1886, ikaishi nayo miaka mingi baada ya uhuru wa 1975. Madaktari wa Hospitali Kuu ya Maputo waliona wanawake wengi wakiletwa wakiwa wameharibiwa na watoaji wa vichochoroni, na tangu miaka ya 1980 wakapewa idhini ya kuwahudumia hospitalini hapo. Hatimaye Kanuni mpya ya mwaka 2014 iliruhusu mimba itolewe katika wiki 12 za kwanza, na mtaalamu wa afya, katika kituo kinachotambuliwa. Kwa aliyebakwa ni wiki 16. Hatusemi kwamba mambo ya ng'ambo ni mema yote. Vita vilivyoanza Cabo Delgado Oktoba 2017 vimefunga vituo vingi vya afya, na haki iliyoandikwa kitabuni haimfai mwanamke ambaye zahanati yake imechomwa moto. Hata hivyo wenzetu walikaa, wakajadili, wakaamua.

Je, sheria yetu kali imezuia? Uchunguzi uliofanywa na wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na Chuo Kikuu cha Muhimbili, wakishirikiana na wenzao wa Marekani, ulikadiria kwamba mwaka 2013 peke yake mimba 405,000 zilitolewa nchini, karibu zote kwa siri. Wanawake 66,600 walitibiwa kwa madhara yaliyotokana nazo. Hao ni waliofika hospitali. Mwenye fedha hununua siri na daktari pamoja. Kibarua wa kubangua korosho, au mtumishi wa nyumbani aliyepachikwa mimba na mwenye nyumba, hununua mizizi, au vidonge vya kichochoroni asivyojua kipimo chake. Sheria ni moja kwa wote, lakini kaburi huchimbiwa mnyonge.

Tena kuna kinyume ambacho hatuwezi kukinyamazia. Tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume alalaye na binti aliye chini ya miaka 18 ambaye si mkewe amebaka, na adhabu yake haipungui miaka 30. Mwaka 2016 Bunge likaongeza miaka 30 kwa ampaye mwanafunzi mimba. Vema. Lakini binti huyo huyo, ambaye sheria yamtambua kuwa ametendewa jinai, akinywa dawa ili aiondoe mimba ya jinai ile, aingia katika kifungu cha 151. Wala shule haikumpokea: kanuni za mwaka 2002 zilitumiwa kumfukuza, na ni Novemba 2021 tu serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waweza kurudi darasani. Kwa miaka mingi basi, mtoto wa darasa la saba aliambiwa: ukizaa umepoteza shule, usipozaa umepata jela.

Wako watu wema wasiokubali jambo hili lo lote, nao hatuwadharau. Kanisa Katoliki, ambalo hospitali yake ya Ndanda imewatibu watu wa kusini kwa miaka mingi, lafundisha kwamba uhai ni mtakatifu tangu kutungwa mimba. Mashehe wa pwani hii nao hulihesabu jambo hili kuwa zito: fikihi yakataza kabisa baada ya siku 120, isipokuwa kwa kuokoa maisha ya mama, kabla ya hapo wanazuoni wametofautiana. Mwenye imani hiyo ana haki ya kuishika na kuihubiri. Tunamwuliza neno moja tu: je, binti aliyebakwa awekwe jela kwa ajili ya imani hiyo? Kwa mila ya Wamakonde mjomba ndiye wa kumjibia mpwa wake siku ya taabu. Tungependa kumsikia mjomba akilijibu swali hili, kwani hajazoea kuulizwa.

Mwaka 2007 nchi yetu iliridhia Itifaki ya Maputo, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2003. Kifungu chake cha 14 chataka wanawake waruhusiwe kutolewa mimba hospitalini ikiwa wamebakwa, au wamepewa mimba na ndugu wa damu, au mimba yahatarisha afya au maisha yao. Sahihi tuliitia wenyewe, hatukushurutishwa. Bunge halijayaingiza maneno hayo katika Kanuni ya Adhabu. Twataka liyaingize, na angalau liandike kwa Kiswahili chepesi ni lini daktari yuko salama kumwokoa mama.

Na wakati Bunge likingojewa, liko lisilohitaji kura. Kumtibu mwanamke ambaye mimba yake imeharibika, kwa sababu yo yote ile, si kosa. Wizara ya Afya yenyewe ina miongozo ya huduma hiyo. Anayetokwa na damu nyingi, mwenye homa au maumivu makali ya tumbo, apelekwe hospitali saa ile ile, iwe Ligula, iwe Newala, iwe Ndanda, bila kungoja kuche. Mhudumu wa zamu amtibu kwanza. Makatibu wa matawi na viongozi wa vyama vya wafanyakazi walitangaze hili mikutanoni, bandarini, na katika maghala ya korosho wanakofanya kazi wanawake.