Sauti inatoka, picha inakatala: kwa nini video moja inafunguka kwa simu fulani na kugoma kwa ingine

Mambo yanakuwaga hivi. Filme mpya ya mazimwi na wafalme inakaribia kutoka, mutu anapakua bande-annonce usiku wakati mega ziko bei nafuu, asubuhi anatumia wenzake. Mmoja anaiona vizuri. Wa pili anasikia sauti tu, kioo kiko cheusi. Wa tatu anapata maneno haya: « format non pris en charge ». Hapo mabishano yanaanza, na mara nyingi anayelaumiwa ni simu, ao yule aliyetuma. Simu haijaharibika, na aliyetuma hakukosea kitu.

Ugomvi huu si wa leo. Tarehe 7 mwezi wa 4 mwaka 2000, kampuni New Line ya Marekani iliweka kwa intaneti kipande cha kwanza cha Le Seigneur des anneaux, filme ambazo Peter Jackson alikuwa angali anazipiga kule New Zealand. Ndani ya saa 24 tu kilipakuliwa zaidi ya mara milioni moja na nusu. Wapenzi wa kitabu cha Tolkien walikitazama picha kwa picha: mavazi, masikio ya Elfu, na hasa kama Arwen, aliyechezwa na Liv Tyler, atageuzwa kuwa mpiganaji wakati kitabuni si hivyo. Lakini mbele ya kubishana juu ya Arwen, ilibidi kwanza kipande kifunguke.

Na kufungua kulikuwa kazi. Miaka ile kulikuwa programu tatu zinazopigana: QuickTime ya Apple, RealPlayer ya RealNetworks, na Windows Media ya Microsoft. Kila moja ilikuwa na namna yake ya kuandika video, na kwa kawaida ya jirani haikuisoma. Mwaka mmoja mbele, kipande cha Star Wars kilitoka kwa QuickTime, na wenye hawakuwa nayo walilazimika kuitafuta kwanza. Modemu ya nyumbani ilipitisha kilobiti 56 kwa segonde wakati inafanya vizuri kabisa. Faili ya mega 10 ilichukua karibu dakika 24. Ukisubiri hivyo halafu inakatala kufunguka, hasira yake watu wa hapa wanaijua.

Sasa, shida iko wapi hasa? Iko kwa hesabu. Picha moja ya video ya 1080p ina vidoti zaidi ya milioni mbili, na kila kidoti kinachukua okteti tatu. Hiyo ni kama mega 6 kwa picha moja. Filme inapitisha picha 24 kwa segonde, kwa hiyo segonde moja ni karibu mega 149. Bande-annonce ya dakika mbili ingefika karibu giga 18, bila sauti. Hakuna forfait ya mega yenye inaweza kubeba hiyo.

Kwa hiyo video inakandamizwa. Badala ya kuandika kila picha nzima, programu inaandika picha moja kamili, kisha kwa zile zinazofuata inaandika tu kile kilichobadilika. Mutu akiongea amesimama mbele ya ukuta, ukuta hauandikwi tena na tena. (Ndiyo maana filme za vita na mazimwi zinasumbua: moshi, moto, mvua, jeshi linakimbia, kila kitu kinabadilika mara moja, na vile vimraba vibaya vinajitokeza.) Namna hiyo ya kukandamiza na kukunjua inaitwa kodeki. H.264 ya mwaka 2003 ndiyo inajulikana karibu na mashine zote. H.265, ao HEVC, ilikuja 2013, nayo inaweza kuleta picha ya uzuri uleule kwa karibu nusu ya uzito. AV1 ilifuata 2018.

Wengi wanapotea pale wanaposoma « .mp4 » na kufikiri hilo ndilo jina la kodeki. Hapana. MP4, MKV, AVI ni kama mufuko wa sokoni. Mufuko umeandikwa unga, lakini ndani inaweza kuwa ya muhindi, ya muhogo, ao mchanganyiko. MP4 mbili zinaweza kufanana kwa jina, moja ina H.264 ndani, ingine H.265, simu ya zamani inakula ya kwanza na kutapika ya pili. Kubadilisha jina kutoka .mkv kuwa .mp4 ni kubadilisha maandishi ya mufuko tu. Sauti nayo ina kodeki yake, ndiyo sababu kwa televizio zingine picha inapita vizuri na watu wanaongea bila kusikika.

Iphone tangu 2017 zinaweza kupiga video kwa HEVC. Ndugu akituma video ya harusi kutoka Ulaya kama dokima, inafika jinsi ilivyo, na kwa simu ya bei ndogo inakatala. Hapo wengine wanaifuta wakisema imekufa, na yule aliyetuma naye ameshafuta kwake ili apate nafasi. Video ilikuwa nzima. Ilitosha kujaribu VLC, programu ya bure iliyoanzishwa na wanafunzi wa École Centrale huko Paris, yenye inabeba kodeki zake ndani. Kwa simu dhaifu itakatakata na kula batri, lakini mutu ataona kama faili ni nzima. Ao faili ipelekwe kwa ordinatere igeuzwe kuwa H.264, itakuwa nzito zaidi, lakini itafunguka. Na mwenye Iphone anaweza kwenda Réglages, Appareil photo, Formats, achague « Le plus compatible » mbele ya kupiga.

Kitu cha kuogopa ni ile ukurasa inayosema: « ili uone filme hii, pakua kodeki hapa ». Bande-annonce ya filme kubwa inatafutwa na watu wengi, na wezi wanalijua hilo. Faili yenye inaisha na .apk ao .exe si filme, hata kama juu yake wameweka picha ya zimwi linalotema moto.