Programu Zinazoamka Zenyewe

Katika mtaa wa Katindo, mjini Goma, viko vibanda vya kuchapa barua na kutoa nakala. Asubuhi watu huja: huyu ataka barua ya kuomba kazi, yule ataka karatasi za shule za mtoto wake. Mwenye kibanda abonyeza kifungo. Kompyuta yawaka, picha yaonekana, lakini kishale hakisogei. Watu wangoja. Betri yapungua, na barua haijaandikwa hata neno moja. Je, kompyuta hiyo yafanya nini?

Kwanza yafaa kujua programu ni nini. Programu ni maagizo yaliyoandikwa ili kompyuta iyafuate. Iko ya kuandika barua, iko ya kupiga hesabu, iko ya kucheza nyimbo. Programu ikilala hukaa katika diski, kama gunia ghalani. Ikiamka huingia katika kumbukumbu, na humo ndimo kazi hufanyika. Lakini kumbukumbu si pana. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, yahitaji gigabaiti 4 angalau, na ziko kompyuta zisizo na zaidi ya hizo.

Kila mtoto wa Goma ajua chukudu, chombo kile cha mti chenye magurudumu mawili. Chukudu hubeba magunia mengi ya makala na viazi, lakini ina kipimo chake. Sasa fikiri watu waje usiku, kila mmoja atie gunia lake bila ruhusa. Asubuhi mwenye chukudu atapakia wapi mzigo wake mwenyewe?

Ndivyo ilivyo kwa kompyuta. Programu nyingi, siku ya kuingizwa, huandika jina lao katika orodha ya zile zitakazoamshwa kila kompyuta inapowashwa. Ya nyimbo hujiandika, ya kuongea na watu wa mbali hujiandika, na nyingine huamka kwa ajili ya kutafuta tu kama limetoka toleo jipya. Kila moja yadai kwamba yataka kuwa tayari upesi. Moja peke yake haina neno; kumi pamoja ni mzigo. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta huhamishia sehemu ya kazi katika diski, na diski ni nzito sana kuliko kumbukumbu, hasa ile ya zamani inayozunguka. Ndiyo sababu mtu husikia diski ikikwaruza huku kishale kimesimama.

Tena programu hizo hazionekani. Hufanya kazi nyuma, bila dirisha. Mtu amenunua mega za kutuma barua moja, kumbe nyuma kuna programu inayopakua toleo jipya, na mega zimekwisha. Hasara hiyo yauma kuliko ya kungoja.

Hata hivyo si zote mbaya. Ziko zinazolinda kompyuta na virusi, ziko zinazongoja karatasi za kuchapa. Katika mitambo ya Unix watumishi hao wa nyuma huitwa «daemon». Mtu asishtuke, si pepo wachafu. Jina lilianzia kwa mafundi wa chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1960. Walilitoa kwa kiumbe cha kufikirika cha Mskoti James Clerk Maxwell, mtaalamu wa fizikia, aliyekiwaza mwaka 1867: kiumbe kidogo kinachopanga chembe za hewa bila kuchoka.

Orodha yenyewe yaweza kutazamwa. Kompyuta nyingi za Goma hutumia Kifaransa, basi bonyeza pamoja vifungo Ctrl, Maj na Échap. Litafunguka dirisha liitwalo «Gestionnaire des tâches». Tangu Windows 8, ya mwaka 2012, orodha iko humo, mahali palipoandikwa «Démarrage». Karibu na kila jina pana neno la uzito wake: «Élevé» maana yake ni mzito. Bonyeza jina kwa kifungo cha kulia cha kipanya, chagua «Désactiver». Programu haifutwi. Yabaki ghalani, nayo itaamka siku itakapoitwa. Ukiona umekosea, chagua «Activer», yarudi kama zamani. Ile ya kulinda na virusi isiguswe.

Kwa ajili ya mega liko dawa jingine. Katika «Paramètres», penye Wi-Fi, washa «Connexion limitée». Hapo Windows huahirisha sehemu kubwa ya mambo yake ya kupakua.

Orodha hiyo yafaa kwa jambo la tatu pia. Virusi navyo hupenda kujiandika humo, ili viamke pamoja na kompyuta. Mwaka 2008 kirusi Conficker kilienea duniani, na njia yake moja ilikuwa flashi: ilipochomekwa tu, Windows ya siku zile iliweza kuendesha kilichomo. Mwaka 2011 Microsoft ilifunga mlango huo hata katika Windows za zamani. Lakini flashi bado hupita mkono kwa mkono katika vibanda, na mtu aweza kubonyeza faili la kirusi bila kujua. Ukikuta katika orodha jina lisilo na mwenyewe, usilizime na kulisahau. Liandike katika karatasi, umwulize fundi, na flashi zilizochomekwa juma hilo zikaguliwe zote.